Kazi ya Saa Nane Usiku: Kompyuta Inapojiletea Msimbo Mpya

Salamabila ni mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa mashariki wa Kasongo. Jirani yake ni Namoya, ambako kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, kisha mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya kukosekana kwa usalama. Maelezo ya namna kompyuta zinavyojisasisha kwa kawaida hutolewa kana kwamba kila msomaji yuko katika ofisi ya mji mkubwa, yenye umeme usiozimika na intaneti isiyokatika. Hapa tutaanza na Salamabila kwa makusudi. Mahali ambapo umeme hutoka kwenye paneli za jua, intaneti hushuka kutoka kwenye setilaiti, na fundi anaweza kukosa njia ya kufika kwa wiki kadhaa, kila hatua ya kazi hii huonekana wazi, kwa sababu hatua yoyote iliyosahauliwa itakwama.

Tuchukue mfano. Tuseme kituo kimoja cha afya kina kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux, na ndani yake mna programu ya kuandikisha wagonjwa na dawa. Programu za namna hiyo zipo, na mojawapo mashuhuri ilichipuka karibu na sisi. OpenMRS ilitokana na kazi ya hospitali na kliniki za Eldoret, Kenya. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004, na ilianza kutumika huko mwaka 2006. Waandishi wake wako nchi nyingi, na kila siku kuna anayerekebisha kosa au kuongeza kitu. Swali letu ni hili: kompyuta iliyoko Salamabila ipateje marekebisho hayo kila usiku bila mtu kuigusa? Na tukishajua namna, je, inafaa kuiachia ifanye hivyo?

Maneno matatu ya kuanzia

Neno la kwanza ni msimbo chanzo. Haya ni maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu, mstari kwa mstari, kabla mashine haijayageuza kuwa kitu inachoweza kukiendesha. Programu ambayo msimbo wake uko wazi humruhusu yeyote kuyasoma maandishi hayo, kuyabadilisha na kuyachukua upya yanaporekebishwa.

Neno la pili ni ghala la msimbo. Ni mahali ambapo maandishi hayo hutunzwa pamoja na historia yake yote: nani alibadilisha mstari gani, lini, na kwa sababu gani. Ghala kuu huwa kwenye seva ya mbali, na kompyuta yetu huwa na nakala yake. Kusasisha, basi, ni kuifanya nakala ya Salamabila ilingane na ghala kuu.

Neno la tatu ni tofauti. Ukiwa na ukurasa wa jana na ukurasa wa leo, tofauti ni ile mistari tu iliyoondolewa na ile iliyoongezwa. Neno hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloiwezesha kazi nzima, na hesabu ifuatayo itaonyesha kwa nini.

Hesabu ya njia nyembamba

Tuseme njia ya setilaiti ya kituo chetu hupitisha kilobiti 256 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hizo ni kilobaiti 32 kwa sekunde. Ghala zima la programu likiwa na megabaiti 500, kulishusha lote kutachukua sekunde 15,625, yaani zaidi ya saa nne na dakika ishirini, na hapo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa hata kutuma ujumbe. Kufanya hivyo kila usiku ni upotevu. Lakini tofauti ya siku moja ikiwa na megabaiti mbili, itashuka kwa dakika moja na sekunde chache.

Upana wa njia ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali letu hupanda hadi huko na kushuka upande wa pili, na jibu hupanda na kushuka vilevile. Safari nne hizo ni zaidi ya kilomita 143,000, na hata kwa mwendo wa mwanga huchukua karibu nusu sekunde. Sasa fikiria programu yenye faili 20,000, na kompyuta inayouliza kuhusu kila faili peke yake, "Hii imebadilika?", kisha ikasubiri jibu kabla ya kuuliza kuhusu inayofuata. Nusu sekunde mara 20,000 ni sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika arobaini na saba, hata kama jibu la kila swali ni "hapana". Setilaiti mpya zinazozunguka chini zaidi, kama zile za Starlink zilizo kwenye kilomita 550 hivi, huupunguza sana ucheleweshaji huo. Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipa Starlink leseni mwaka 2025. Hata hivyo, kanuni haibadiliki: uliza mara chache, na leta kilichobadilika tu.

Zana mbili za Unix, familia ya mifumo endeshi ambamo Linux nayo imo, zilijengwa juu ya kanuni hiyo. Ya kwanza ni rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Kompyuta inayopokea huikata faili yake ya zamani vipande vipande, ikakokotoa namba fupi ya utambulisho kwa kila kipande, na kuzituma namba hizo upande wa pili. Inayotuma hutafuta katika faili mpya vipande vyenye namba zilezile, kisha hutuma vile tu ambavyo mpokeaji hana. Zana ya pili ni Git, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika Aprili 2005. Katika Git kila badiliko lina namba yake ya utambulisho, na namba hiyo hukokotolewa pamoja na namba ya badiliko lililolitangulia, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Kompyuta yetu husema, "Nina hadi shanga hii," na ghala kuu huleta zilizofuata. Baiti moja ikiharibika njiani, namba hazitalingana na Git itaukataa mzigo huo.

Git ina udhaifu mmoja ambao mtu wa Salamabila anapaswa kuujua mapema. Mzigo ukikatika katikati, Git haiendelei ulipoishia; huanza upya. Kwa mzigo wa megabaiti mbili si tatizo, lakini kwa ule wa kwanza wa megabaiti 500 kompyuta inaweza kujaribu usiku baada ya usiku bila kumaliza hata mara moja. Kwa hiyo mzigo wa kwanza usafiri kwa njia nyingine. Mtu aliyeko Kindu au Bukavu, mahali penye njia pana, alifunge ghala lote kuwa faili moja, aitie kwenye flashi, na flashi hiyo ifike na msafiri. Baada ya hapo setilaiti itakuwa na kazi ya tofauti za kila siku peke yake.

Kwa nini usiku

Desturi ya kuziachia mashine kazi hii usiku ni ya tangu zamani. Toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lilikuja na programu iitwayo UUCP, ambayo Mike Lesk alikuwa ameiandika katika maabara za Bell. Kwa UUCP, kompyuta moja iliipigia nyingine simu, zikabadilishana faili zilizokuwa zikisubiri, kisha zikakata. Simu za usiku zilikuwa na bei nafuu, kwa hiyo faili zilikusanywa mchana na kusafirishwa watu wakiwa wamelala.

Afrika Mashariki nayo iliufahamu utaratibu wa kukusanya na kusubiri kabla nyaya za baharini hazijafika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Boston, uliwafikishia madaktari wa nchi kadhaa za Afrika barua na makala za tiba kupitia setilaiti ndogo iliyopita juu yao mara chache kwa siku. Kituo kilisubiri ipite, kikatuma na kupokea, kisha kikanyamaza hadi itakapopita tena. Sababu zetu za leo ni zilezile. Usiku hakuna anayegombea njia, na mchana njia hiyo ni ya watu.

Saa ya mashine na saa ya mtu

Anayeiamsha kazi ni programu iitwayo cron, ambayo nayo ilikuwemo katika toleo lile la mwaka 1979. Cron huamka kila dakika, husoma jedwali lake, na kuangalia kama kuna kazi ambayo muda wake umewadia. Mstari wa jedwali huanza na vizio vitano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Mstari unaoanza na 17 2 * * * husema: dakika ya 17, saa ya 2, siku yoyote, mwezi wowote. Dakika ya 17 ni chaguo la makusudi. Watu wengi huandika sifuri, kwa hiyo seva za mbali hupokea maelfu ya wageni kwa sekunde moja, kisha hukaa bure.

Hapa msemaji wa Kiswahili asimame kidogo. Saa yetu huanza kuhesabu alfajiri na magharibi, ilhali ya cron huanza usiku wa manane na kwenda hadi 23. Namba 2 ya cron ni saa nane usiku. Anayetaka saa nane usiku akiandika 8, kazi yake itaanza saa mbili asubuhi, wakati foleni ya wagonjwa imefika mlangoni. Dawa ya kosa hili ni kuandika maelezo kwa Kiswahili juu ya kila mstari wa jedwali, kwa sababu cron huruka mistari inayoanza na alama ya #. Anayekuja baadaye atasoma "saa nane na dakika kumi na saba usiku" na hatalazimika kukisia.

Kongo yenyewe ina saa mbili. Maniema iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kompyuta iliyotayarishwa Kinshasa na kuletwa bila kurekebishwa itaanza kazi ya saa nane wakati Salamabila ni saa tisa. Nchi yetu haisogezi saa kwa majira, lakini seva nyingi ziko Ulaya, ambako saa husogezwa. Katika nchi kama Ubelgiji, Jumapili ya mwisho ya Machi, saa hurukishwa kutoka 2:00 hadi 3:00. Usiku huo dakika ya 2:17 haipo kabisa, na baadhi ya matoleo ya cron huiruka kazi iliyopangwa hapo.

Kuna saa ya tatu, ile iliyo ndani ya mashine. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo hupendwa kwa kula umeme kidogo, hadi toleo la 4 hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, zinawaka zikiamini kwamba bado ni siku iliyopita. Jambo hili huvunja usasishaji kwa namna isiyotarajiwa: seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta yenye tarehe mbaya inaweza kukikataa cheti halali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya usiku ni kusahihisha saa kwa kuuliza seva za wakati. Msimbo unafuata baadaye.

Halafu kuna umeme wenyewe. Penye paneli na betri, kanuni ya kawaida ni kuzima kila kitu jioni. Cron huishi kwa sasa tu: saa nane ikipita mashine ikiwa imezimwa, kazi ya usiku huo imepotea. Ndiyo maana kuna anacron, ambayo haiulizi "Sasa ni saa ngapi?" bali "Kazi ya leo imeshafanyika?" Kompyuta ikiwashwa asubuhi, anacron huona kwamba haijafanyika na baada ya dakika chache huianzisha. Lakini tuangalie matokeo yake. Kazi tuliyoiita ya usiku sasa inaweza kuanza muuguzi akiwa anamwandikisha mgonjwa wa kwanza. Yaani hatuwezi kutegemea giza kutulinda. Kazi yenyewe lazima iwe salama saa yoyote itakapoanza.

Ndani ya skripti

Cron haisasishi kitu chochote. Huamsha skripti, yaani orodha ya amri zilizoandikwa katika faili moja ili zitekelezwe kwa mfuatano. Fundi anayejaribu skripti kwa mkono ikafanya kazi, kisha ikashindwa usiku, mara nyingi amekutana na jambo hili: cron huiendesha skripti katika mazingira matupu, bila orodha ndefu ya folda ambamo amri hutafutwa. Amri iliyopatikana mchana haionekani usiku. Andika njia kamili ya kila amri, na tatizo litaisha.

Jambo la kwanza ndani ya skripti ni kufuli. Usiku ambao mtandao ni mzito, kazi ya leo inaweza kuwa haijaisha kazi ya kesho inapoanza. Mbili zikiandika kwenye nakala moja kwa wakati mmoja, nakala huharibika. Kwa hiyo skripti hushika kufuli kabla ya kuanza, na ikikuta kufuli imeshashikwa huondoka bila kugusa nakala.

La pili ni ukomo wa muda. Mtu akiona kompyuta imeganda huikatisha. Usiku hakuna mtu, na muunganisho uliokufa bila kutoa taarifa unaweza kusubiriwa hadi betri iishe. Skripti iambiwe: baada ya dakika arobaini, acha, na ujaribu kesho. Kwa kuwa Git haibadilishi nakala hadi mzigo ukamilike, kuacha njiani hakudhuru.

La tatu ni ufunguo. Usiku hakuna wa kuandika nenosiri. Ghala lililo wazi kwa umma halihitaji nenosiri ili kusomwa, na hapo jambo limekwisha. Ghala la faragha lifunguliwe kwa ufunguo wenye ruhusa ya kusoma peke yake, ili aliyeiba kompyuta asiweze kuandika chochote kwenye ghala kuu. Skripti nayo iendeshwe na mtumiaji mwenye mamlaka madogo, si na msimamizi mkuu wa mfumo.

La nne ni daftari. Kila hatua iandike mstari mmoja: ilianza saa ngapi, ilileta mabadiliko mangapi, ilimaliza au ilishindwa. Na hapa ukimya una hatari yake. Skripti inayoandika tu inaposhindwa, siku ikifa kabisa haitaandika kitu, na ukimya wake utafanana na mafanikio. Ni bora iandike kila siku, hata kama ni maneno mawili, "hakuna jipya", ili siku isiyo na mstari ionekane kama pengo kwenye meno.

Jina moja, herufi mbili

Hadi hapa tumezungumzia kuleta. Sasa tutazame kinachotokea mabadiliko mapya yanapokutana na nakala ambayo watu wa hapa wameigusa. Mfano wenyewe uko katika jina la mji. Wakazi na ramani nyingi huandika Salamabila. Katika hati za afya, zoni ya afya ya hapa huandikwa Saramabila. Binadamu haoni tofauti. Kompyuta huona mahali pawili, na takwimu za wagonjwa hugawanyika katika mafungu mawili yasiyojumlishwa.

Tuseme fundi aliliona hilo, akafungua faili ya majina iliyokuja na programu, akarekebisha mstari mmoja na kulihifadhi badiliko lake katika Git. Git itaiandika tofauti yake hivi:

- zoni=Salamabila
+ zoni=Saramabila

Alama ya kutoa ni mstari uliokuwepo, na ya kujumlisha ni ulioingia mahali pake. Fundi amefanya jambo jema. Lakini wiki hiyohiyo mwandishi wa programu aliyeko mbali naye ameugusa mstari uleule na kuandika "Zoni ya Salamabila". Saa nane usiku mabadiliko mawili yanakutana kwenye mstari mmoja. Huu huitwa mgongano. Git haiwezi kuujua mji, kwa hiyo huacha matoleo yote mawili ndani ya faili, ikayazungushia alama, na kumsubiri mtu aamue.

Skripti ina njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ikilazimisha toleo la mbali, marekebisho ya fundi yatafutika bila yeye kujua, na atashangaa mwezi ujao takwimu zikigawanyika tena. Ikiacha alama za mgongano ndani ya faili na kuendelea, programu itakutana na mstari isioufahamu na asubuhi haitawaka. Ikisimama na kuandika kwenye daftari kwamba kuna mgongano, kituo kitafungua siku kikiwa na toleo la jana, ambalo linafanya kazi. Njia ya tatu ndiyo pekee ambayo haimdhuru mgonjwa. Iliyo bora zaidi ni kuuzuia mgongano usitokee: mambo ya mahali, kama majina, lugha na saa, yakae katika faili ya pembeni ambayo waandishi wa mbali hawaigusi.

Kuleta na kutumia

Mfano huo unatufikisha kwenye utengano ambao ndio moyo wa jambo hili. Watu husema "kusasisha" kana kwamba ni tendo moja, lakini ni mawili. La kwanza ni kuleta: mabadiliko yanashuka na kukaa pembeni, programu inayotumika haijaguswa. La pili ni kutumia: programu mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Katika Git matendo haya yana amri tofauti. Amri ya git fetch huleta tu. Amri ya git pull huleta na kuunganisha papo hapo, na ndiyo ambayo wengi huiweka kwenye cron kwa sababu ni fupi.

Unix inatoa njia nzuri ya kulifanya tendo la pili kwa usalama. Msimbo mpya hujengwa katika folda yake mwenyewe, yenye jina la tarehe, kando ya folda ya jana. Majaribio huendeshwa humo: programu inawaka? Inaweza kumfungua mgonjwa wa majaribio? Programu inayotumika hufikiwa kupitia kiungo kimoja, tuseme kinaitwa "sasa", ambacho ni kibao cha njia tu kinachoelekeza kwenye folda fulani. Kuhamia toleo jipya ni kukigeuza kibao hicho, yaani kutengeneza kibao kipya pembeni na kukipa jina la kile cha zamani. Unix huhakikisha kwamba kitendo cha kubadili jina la faili hufanyika chote au hakifanyiki kabisa, kwa hiyo wakati wowote kitakaposomwa, kibao kitaelekeza kwenye toleo la jana au la leo, kamwe si kwenye nusu ya kila moja. Na likionekana kosa, kurudi nyuma ni kukigeuza tena. Tahadhari inabaki kwa data: toleo jipya likibadilisha muundo wa hifadhidata ya wagonjwa, kibao peke yake hakirudishi kilichobadilishwa, na nakala ya akiba lazima iwe imechukuliwa kwanza.

Je, tendo la pili nalo lifanywe na mashine usiku? Matukio mawili ya kweli yatusaidie kupima.

Aprili 7, 2014 ulimwengu ulitangaziwa kosa lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayofunga mawasiliano ya siri ya seva nyingi. Kwa kosa hilo mtu wa mbali angeweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, hata nenosiri. Kila siku ya kuchelewa kusasisha ilikuwa hatari. Lakini kosa lenyewe lilikuwa limeingia na matoleo mapya kuanzia Machi 2012, na waliokuwa bado na matoleo ya kabla ya hapo hawakuguswa. Usasishaji uleule ulikuwa mlango wa ugonjwa, na baadaye ukawa dawa.

Machi 29, 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ, zana ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux, yalikuwa na mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi na mtu aliyejenga uaminifu wake kwa zaidi ya miaka miwili. Freund aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kwa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Tukumbuke hesabu yetu: nusu sekunde ndiyo safari ya setilaiti. Anayeingia kwenye mashine kwa njia hiyo ameuzoea ucheleweshaji wa kiasi hicho, na dalili iliyomwamsha Freund ingempita bila kuonekana. Waliopata matoleo hayo ni hasa wale waliopokea mapya mara tu yalipotoka. Sehemu iliyouwasha mlango huo haikuwa katika ghala la wazi, bali katika vifurushi vya toleo, na namba za utambulisho zingelingana bila kasoro. Namba hizo huthibitisha kwamba ulichopokea ndicho kilichotumwa. Hazisemi kama kilichotumwa ni chema.

Uamuzi

Sasa tunaweza kuamua. Kuleta kuachiwe mashine kila usiku bila wasiwasi. Ni kazi ya kurudiarudia, mashine huifanya vizuri kuliko mtu, ni salama saa yoyote itakapoanza, na kushindwa kwake hakumdhuru yeyote. Kujenga na kujaribu katika folda ya pembeni navyo viachiwe mashine. Marekebisho ya usalama ya mfumo endeshi wenyewe, ambayo watunzaji wa Debian, mojawapo ya aina za Linux, na wenzao hutoa kwa matoleo yao tulivu baada ya kuyapima, yaingie yenyewe vilevile, kwa sababu kuchelewa kwake kuna hatari kubwa kuliko kuyapokea. Lakini kukigeuza kibao cha programu inayowahudumia wagonjwa kungoje mtu, mchana, akiwa amesoma daftari na akiwa na muda wa kurudi nyuma.

Wapo watakaosema kwamba mtu huyo ni anasa, kwamba Salamabila haina fundi wa kila siku na hiyo ndiyo sababu ya kutaka mashine ijiendeshe. Mimi naona kinyume chake. Nairobi, toleo baya likiingia saa nane usiku, fundi atafika saa mbili asubuhi. Salamabila anaweza kufika baada ya wiki tatu, na kwa wiki hizo tatu muuguzi atarudi kwenye karatasi. Kadiri fundi alivyo mbali, ndivyo badiliko lisilosimamiwa linavyogharimu zaidi. Na anayehitajika asubuhi hahitaji kuwa fundi. Anahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema: usiku wa leo yameletwa mabadiliko kumi na mawili, majaribio yote yamepita, nakala ya akiba ya data imechukuliwa, toleo la jana lipo. Chini yake pawe na swali moja la kujibiwa na mtu anayejua leo ni siku ya chanjo yenye foleni ndefu, au ni siku tulivu: tuhamie sasa, au tusubiri kesho?